Nafasi Chini ya Bati

Jumanne ya pili ya mwezi wa Aprili, asubuhi, mvua ikiwa imekatika kidogo, mdogo wangu alifariki dunia kwenye kambi ya wagonjwa wa kipindupindu. Alikuwa kitinda mimba wa mama yetu, na mimi ndiye niliyembeba mgongoni alipokuwa mtoto. Aliacha binti mmoja, ungo wake, na nafasi yake ya kukaa mashineni. Binti yuko kwangu. Ungo ulichomwa moto pamoja na kanga zake. Kuhusu ile nafasi nina maneno ya kusema.

Mimi na yeye tulikuwa wapetaji. Mtu akileta mpunga kwenye mashine ya kukoboa, mchele unatokea upande huu na pumba upande ule, lakini mchele huo haujawa wa kuuza bado. Una chenga, una vijiwe, una punje za mpunga zilizoponyoka na maganda yake. Hapo ndipo tunapoingia sisi wanawake na nyungo zetu. Tunapeta, tunachambua, tunarudisha kwenye gunia. Tunalipwa kwa gunia, na chenga ni zetu. Uji wa watoto wengi wa Kyela ni wa hizo chenga.

Wakati wa kiangazi kazi hii haina ugomvi. Uwanja wa saruji ni mpana, kila mtu anatandika turubai anapotaka. Masika ndiyo yenye maneno. Kwetu mvua ikianza mwezi wa tatu hainyeshi kwa kubahatisha, na mito ikijaa inahamia mashambani na barabarani. Mchele ukilowa ni hasara, kwa hiyo masika anayepeta ni yule tu aliye chini ya bati, kwenye kibanda kilichoshikana na mashine. Kibanda chenyewe ni kidogo. Na mpunga unaokobolewa miezi hiyo ni ule wa stoo tu, ambao wafanyabiashara waliuweka kungoja bei ipande. Kazi chache, wanawake wengi. Waliokosa nafasi wanakaa pembeni mwa ukuta, wamejifunika mifuko ya salfeti kichwani, wakitazama kama kuna mtu hatakuja.

Sheria ya pale ilikuwa hivi: nafasi ni yako ilimradi umekuja. Ukikosa leo, watu wanauliza. Ukikosa na kesho, aliye nje anaingia, na akishaingia ndiyo basi. Sheria hiyo hakuitunga mwenye mashine. Tuliikuta, na tuliowakuta nao waliikuta.

Msiba peke yake ndio uliokuwa na ruhusa. Sisi Wanyakyusa msiba hatuuchezei. Ukifiwa unakaa matangani mpaka wazee waseme imetosha, na wenzako wa kazini wanakuja kulala na wewe, wanabeba ndizi na mchele na kuni. Muda wote huo hakuna anayethubutu kukalia nafasi yako. Hata turubai lako linaachwa limekunjwa palepale, na wanaofagia wanafagia pembeni yake.

Mdogo wangu alikaa nje ukutani masika yote ya mwaka uliotangulia. Mwaka huu, mama mmoja alipohamia Mbeya kwa mwanaye, yeye ndiye aliyewahi kuingia. Na ilikuwa nafasi nzuri, karibu na mdomo wa mashine, ambako mchele unatoka ungali wa moto. Siku ile aliporudi nyumbani alicheka kama mtu aliyepata kiwanja.

"Dada," akaniambia, "sasa na mimi ni mtu wa bati."

*

Kipindupindu kilianzia kando ya ziwa, tulivyosikia, kisha kikapanda na mafuriko. Vyoo vya mashimo vilikuwa vimejaa maji, visima vimejaa maji hayohayo. Ikatangazwa kwa kipaza sauti kwamba maji yachemshwe, watu wasisalimiane kwa mikono, misiba isipikiwe.

Siku moja akaja mashineni dada wa afya, kijana, amevaa buti za mvua. Alituletea ndoo mbili zenye koki na dawa ya kutia kwenye maji. Akatufundisha vizuri, bila dharau. Akaonyesha jinsi ya kunawa, akatuambia tunawe kila tukitoka chooni na kabla ya kula, na maji ya kunywa tuyatie dawa ileile kwa kipimo chake. Tuliitikia wote. Mimi mwenyewe niliitikia.

Lakini dawa ile inanuka. Na aliyewahi kununua mchele wa Kyela anajua kitu anachonunua. Ananunua harufu. Mnunuzi akifika, kabla hajauliza bei, anachota mchele kiganjani, anaupulizia pumzi ya moto kidogo, anaunusa. Mchele wetu ukipikwa, hata nyumba ya tatu lazima waujue. Sisi tuliofanya kazi ile tulifundishwa tangu siku ya kwanza: usije umejipaka mafuta yenye marashi, usivae nguo iliyokaa na samaki, usimenye kitunguu ukashika ungo. Mchele unanyonya harufu kama pamba inavyonyonya maji.

Juma lilelile akaja mnunuzi mmoja kutoka Mbeya, mteja wa siku nyingi. Akanusa, akanusa tena, akatema mate pembeni.

"Huu mchele una harufu ya hospitali."

Mwenye mashine akainuka kwenye kiti chake. Huyu ni mzee wa Kiislamu, baba yake alikuja kutoka pwani kufanya biashara akazikwa hapahapa Kyela. Ni mtu mtaratibu. Akachota na yeye, akanusa.

"Mbona mimi sisikii kitu?"

"Wewe umezoea, mzee. Mimi nauza kwa watu wenye pua."

Akaondoka na gari lake tupu. Mimi nilikuwa karibu, na sikusikia harufu yoyote. Lakini sitasema alidanganya. Pua yake ndiyo kazi yake.

Mzee hakutukataza kunawa. Hilo nataka lieleweke, kwa sababu baadaye watu walimsema vibaya. Alichosema ni hiki: "Wanangu, angalieni mikono yenu." Basi. Sisi wenyewe ndio tuliopanga. Tukaziweka ndoo za dawa mlangoni, dada wa afya akipita azione. Kando ya mashine tukaweka ndoo nyingine ya maji ya kisima, ya kusuuza dawa kabla ya kushika ungo. Haikupita siku nyingi tukawa tunanawa hayo ya kisima tu. Na kwa kuwa kikombe kilikuwa juu ya ndoo ileile, na maji yale hayakuwa na ladha mbaya, tukawa tunakunywa.

Hakuna aliyetudanganya. Tulikuwa tunalinda mchele.

*

Jumatatu mdogo wangu alikwenda chooni mara nyingi. Nilimuuliza, akasema ni chai ya jana, maziwa yalikuwa yamelala. Aliporudi mara nyingine nilimwona amekauka midomo.

"Nenda nyumbani," nikamwambia.

"Nikienda leo, kesho je?"

"Kesho utakuja."

"Na kama sijapona kesho? Dada, wewe unamwona yule?" Akaonyesha kwa kidevu. Nje ukutani alikuwepo mwanamke kijana mwenye mtoto mchanga mgongoni. Alikuwa anamtazama mdogo wangu kila alipoinuka. Simlaumu. Hata mdogo wangu alikuwa akiwatazama watu hivyohivyo alipokuwa nje.

Mama wa Ngana, ambaye alikaa katikati yetu na ambaye mdomo wake haupumziki, akadakia, "Huyu anaumwa mapenzi. Tumbo la hivi nalijua, linataka mwanamume wa kulikanda."

Tukacheka. Mdogo wangu naye alicheka, huku ameshika tumbo. Akapeta mpaka mchana. Alipoinuka tena hakufika chooni. Alianguka penye lundo la pumba, na hapo kila mtu alijua ni nini, kwa sababu alikuwa amejichafua na maji yalikuwa meupe kama ya kuoshea mchele.

Dereva wa bajaji wa kwanza aliondoka. Wa pili alikubali baada ya sisi kutandika masalfeti kwenye kiti. Kambini walimpokea upesi, wakamtundikia dripu mikono yote miwili. Nesi mmoja aliniuliza ameanza lini. Nikamwambia tangu asubuhi. Akasema, "Mngemleta asubuhi." Hakusema kwa ukali. Aligeuka akaendelea na mgonjwa mwingine, maana walikuwa wengi.

Sikuruhusiwa kubaki ndani. Asubuhi nilipofika getini waliniita pembeni.

*

Alizikwa na watu wa afya waliovaa mavazi meupe na miwani. Sikumwosha. Sikumvika. Tulisimama mbali, mimi na kaka yetu aliyetoka Bujonde na binti wa marehemu, na mchungaji aliomba sala fupi kwa sauti kubwa ili itufikie. Nyumbani hakukuwa na moto wa kupikia watu. Hapakuwa na ngoma wala wanawake wa kulala na mimi sakafuni. Kwetu mtu kuzikwa hivyo ni kama hajazikwa.

Wenzangu wa mashineni walikuja, lakini kila mmoja kwa wakati wake. Walisimama barabarani na mwavuli, wakasema, "Ndaga, mama, ndaga," neno letu ambalo ni salamu na ni asante na siku ile lilikuwa pole, halafu wakaendelea na safari. Mama wa Ngana alisimama muda mrefu kuliko wote. Hakusema hata mzaha mmoja.

Nilikaa ndani nikaanza kufikiri. Sina elimu kubwa, niliishia darasa la saba, na mimi si mtu wa kusemasema. Lakini nikikaa na jambo nalikalia. Na jambo lenyewe lilikuwa moja: mdogo wangu alijua anaumwa. Alisikia matangazo kama sisi wote. Alichoogopa asubuhi ile hakikuwa kifo. Alimwogopa mwanamke mwenye mtoto.

Kaka yangu alitaka nikae nyumbani mpaka arobaini. Nikamwambia sikai. Akaniuliza watu watasemaje. Nikamwambia waseme, na kesho yake nikachukua ungo wangu nikaenda.

*

Nilipofika chini ya bati nilikuta mambo mawili. Nafasi yangu ilikuwa imelindwa. Turubai langu limekunjwa palepale, vumbi la pumba limelala juu yake, pembeni pamefagiliwa. Na nafasi ya mdogo wangu alikuwa ameikalia yule mwanamke kijana, mtoto wake amelala nyuma yake kwenye boksi.

Akaniona. Akaanza kukusanya vitu vyake mbiombio.

"Kaa," nikamwambia.

"Mama, mimi niliambiwa tu kwamba..."

"Kaa, mwanangu. Umeingia kwa haki. Aliyekuwa hapo amekufa."

Nyungo zikasimama. Hata fundi mashine alizima injini akajifanya anatafuta spana.

Nilikuwa nimepanga maneno njiani, lakini yalinipotea. Nikasema yaliyobaki. Nikasema, "Nimefiwa, nafasi yangu mmeilinda. Asanteni. Lakini nawauliza. Kwa nini mfiwa tunamlindia nafasi, mgonjwa hatumlindii? Mdogo wangu angelindiwa siku tatu tu, mimi leo nisingehitaji kulindiwa."

Mama mkubwa wetu, yule mzee kuliko wote pale, alikuwa anatazama ungo wake.

Mama wa Ngana ndiye aliyenijibu. "Mama, pole, na mimi nilimpenda yule mtoto. Lakini sema ukweli. Mgonjwa akae na nafasi, na huyu wa ukutani ale nini? Mawe ya kuchambua? Msiba haudanganyi, maiti inaonekana. Tumbo nani atalipima? Kesho kila mvivu ataumwa tumbo siku ya gari la kokoa."

Wengine wakacheka, kwa maana ni kweli siku za kokoa wapo wanaokimbilia kupakia mifuko wanakolipwa zaidi, kisha wanarudi.

"Wewe mwenyewe ndiye wa kwanza," mama mkubwa akamwambia.

"Ndiyo maana najua!"

Sikukasirika. Alikuwa amesema jambo la maana, na mimi nilikuwa nimelifikiria kule ndani. Nikasema, "Nafasi isikae tupu. Aliye nje aingie, apete, malipo na chenga achukue zote ni zake. Ila anaingia akijua anamshikia mwenzake. Mwenzake akirudi, anainuka. Bila maneno."

"Na asipoinuka?"

"Tutamwinua sisi."

Yule mwanamke kijana akainua mkono kama mwanafunzi. Hatukuwa tumezoea kusikia sauti yake. "Mimi ningekubali," akasema. "Nikiwa nje napata sifuri. Nikishikia, napata siku mbili tatu. Na mimi siku nikiumwa, au huyu mtoto akiumwa, nitarudi hapa."

Mama wa Ngana akamtazama juu mpaka chini. "Kumbe una mdomo. Muda wote tulidhani ni bubu aliyezaa."

*

Kukubaliana wenyewe kwa wenyewe ilikuwa kazi ndogo. Kazi ilikuwa kwa mzee, kwa sababu bati ni lake, na kwa sababu nilitaka vitu viwili zaidi. Nilitaka mtu akiumwa aseme waziwazi, asifichwe. Na nilitaka ile ndoo ya kisima iondoke.

Nilikwenda na mama mkubwa, tukamkuta amekaa ofisini kwake, redio inaongea taratibu. Alisimama kunipa pole. "Innalillahi," akasema. "Mwanangu, nilitaka kuja, wakatuzuia. Yule binti alikuwa na adabu." Najua alisema kutoka moyoni. Ndiyo maana yaliyofuata yalikuwa magumu.

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho.

"La kushikiana nafasi, hayo ni yenu," akasema. "Lakini kusema waziwazi, hapana. Mkisema hapa kuna mgonjwa wa kipindupindu, kesho hakuna gunia litakaloletwa. Watakwenda kwa jirani. Mtajilindia nafasi za kupeta upepo."

"Mzee, mdogo wangu alinyamaza."

"Najua."

"Basi mimi siwezi kunyamaza."

"Sijakwambia unyamaze msiba wako. Nakwambia biashara."

"Ni kitu kimoja," nikasema.

Alizima redio. Akaniambia kwamba nina uchungu, nirudi nyumbani nikapumzike, nafasi yangu haina wasiwasi. Alisema kwa upole, kama anavyosema na mtoto wake. Tukatoka.

Asubuhi iliyofuata lilikuja gari la mchele wa kwenda Mbeya, likaegeshwa kwenye mvua, limefunikwa turubai lake. Wapakiaji wakajipanga. Sisi tulikuwa tumekaa chini ya bati, nyungo mapajani, mchele umemwagwa mbele yetu, na hakuna aliyepeta. Hatukuimba wala hatukupiga kelele. Mama mkubwa ndiye aliyeanza, alilaza ungo wake mapajani na kukunja mikono juu yake, na sisi tukamfuata. Naapa sikumwomba.

Mzee akaja. "Kuna nini?"

"Tunaumwa," akasema Mama wa Ngana.

"Nani anaumwa?"

"Wote. Lakini hatusemi, tusije tukaharibu biashara."

Wapakiaji waliangua kicheko. Fundi mashine akageuka ukutani mabega yanamcheza. Mzee alisimama pale, mvua inamwagika kwenye kofia yake, na nilidhani atatufukuza. Tungefukuzwa tungekwenda wapi masika yale? Nilihesabu moyoni kwamba nitarudi Bujonde kulima shamba la kaka, na kwamba ni sawa. Nilikuwa nimeshakubali.

Dereva wa lori akapiga honi.

"Mnataka nini hasa?" mzee akauliza, na hakuniuliza mimi. Alimwuliza mama mkubwa.

"Mtu akiumwa aseme, aende," mama mkubwa akajibu. "Asiulizwe na mtu, asisemwe. Wewe wateja wako waambie unachotaka. Sisi hatuwafuati wateja wako mjini."

Mzee akafikiri. "Humu ndani mseme," akasema mwishowe. "Nje ya geti, hapana."

Sikupenda hilo la geti. Mpaka leo silipendi, maana waliokuja na mpunga walikuwa na haki ya kujua, na vyoo tulitumia pamoja. Lakini nilitazama wenzangu nikaona wamechoka, na mchele ulikuwa unangoja. Nikaokota ungo.

La ndoo lilimalizwa na dada wa afya alipokuja kututembelea tena. Nilimweleza ukweli wote, pamoja na ile ndoo ya pembeni. Nilitegemea atatukaripia. Alikaa juu ya gunia, akavua buti lililoingia maji, akalimimina.

"Kumbe ni harufu," akasema. "Mngeniambia tangu siku ile. Dawa ibaki ya chooni. Haya ya kusuuza mikono na ya kunywa, chemsheni. Maji yaliyochemka hayanuki."

"Kuni za masika hizi zinatoka wapi?" akauliza mama mkubwa.

Dada wa afya akageuka kulitazama lundo la pumba lililokuwa juu kuliko bati. Na sisi tukageuka. Tulicheka mpaka mtoto kwenye boksi akaamka. Watu wanaochomea matofali walikuwa wanazibeba kila wiki, sisi tunawapisha.

Fundi mashine alitutengenezea jiko kwa debe la mafuta, akalitoboa chini na katikati. Pumba zinashindiliwa humo, zinawaka polepole kwa moshi mwingi. Tukaliweka mbali, upande ambao upepo hauleti moshi kwenye mchele. Tulipeana zamu. Aliyekuwa nje ukutani ndiye aliyesimamia jiko, na kila mpetaji alimpa chenga za ungo mmoja jioni. Wengine walitoa kwa moyo, wengine kwa kununa. Ila walitoa.

*

Ugonjwa haukuisha siku hiyo. Wiki zilizofuata wawili wa kwetu waliugua. Wa kwanza alisema mapema, akaenda kambini kwa miguu yake, akarudi. Wa pili alikuwa Mama wa Ngana.

Ilikuwa asubuhi, hatujapeta hata debe. Aliinuka, akakaa, akainuka tena. Nikamtazama. Akajua ninamtazama.

"Usinitazame hivyo, sijafa," akasema. Kisha akasimama wima katikati ya kibanda, akajifunga kanga vizuri. "Jamani. Tumbo langu limeniasi. Nakwenda kambini. Na atakayekalia nafasi yangu asifikiri ni urithi, nitamfuata mpaka kwao."

Hakuna aliyecheka sana. Mama mkubwa akamwitia bajaji. Nikamwandalia chupa ya maji tuliyochemsha, yenye chumvi na sukari kama tulivyofundishwa, nikamwambia anywe njia nzima hata kama anatapika. Alishika mkono wangu, akakumbuka, akauachia.

Ukutani kulikuwa na mama mmoja wa makamo aliyekuja juzijuzi, mafuriko yalikuwa yamechukua mpunga wake shambani. Mama mkubwa akamwita. "Ingia. Unamshikia mwenzio. Umesikia?"

"Nimesikia."

Akaingia, akakaa, akapeta. Alikuwa na mkono mzuri, chenga zinaruka mbele zenyewe. Siku ya kwanza alirudi nyumbani na kifurushi chake kichwani, anaongea peke yake kwa furaha. Nikajiambia itakuwa vigumu kumwinua. Nilijiandaa kwa hilo. Kila asubuhi nilipofika nilitazama kwanza kama kuna ugomvi nitakaotakiwa kuusimamia, na nilikuwa tayari kuusimamia mbele ya yeyote, hata mbele ya mzee.

Mama wa Ngana alirudi siku ya mvua kubwa. Alikuwa amekonda, nguo inamning'inia, na uso umekuwa mdogo. Alisimama pale bati linapoishia, akashika nguzo. Pumzi zilikuwa zinamwishia kwa kutembea kutoka barabarani tu.

"Mugonile," akatusalimu sote. Tukaitikia.

Yule mama wa makamo akamwona. Akaweka ungo chini, akaanza kuinuka. Hakuna aliyemwambia.

"Ngoja," Mama wa Ngana akasema. "Ungo umejaa. Malizia."

Yule akakaa tena. Akapeta ungo ule mpaka ukawa safi, akamimina mchele kwenye gunia, akakusanya chenga zake kwenye kitambaa akafunga fundo. Mama wa Ngana alisimama muda wote huo ameshika nguzo, mgongo wake unalowa. Kisha yule mama akainuka, akatoka, akaenda kuchochea jiko la maji. Mama wa Ngana akaingia akakaa.